Kunyonyesha usiku: idadi iache, punguza dakika

Wazazi wa kichanga huuliza ni lini ataanza kulala usiku kucha. Kwa wiki za mwanzo jibu langu ni fupi: si sasa, na akifanya hivyo sasa nitataka kwanza kujua uzito wake unakwendaje.

Siku ya kwanza mtoto hupata takribani kijiko cha chai cha dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, kila anaponyonya. Kufikia mwisho wa wiki anameza kama mililita 45 hadi 60 kwa mkupuo, na maziwa ya mama hayakai sana tumboni. Ndiyo maana hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku una fungu lake. Saa ya mwili wake nayo haijatofautisha giza na mwanga. Huanza kujipanga kwenye miezi 2 au 3. Kwa upande wa mama, prolaktini, homoni inayoamuru maziwa yatengenezwe, hupanda zaidi usiku. Anayenyonya saa 8 usiku anaagiza maziwa ya kesho.

Kwa hiyo idadi ya kuamka iache. Kilicho mikononi mwako ni urefu wake. Kuamka kwa dakika 75 kukishuka hadi 30, mara nne kwa usiku, umejirudishia saa 3 za usingizi. Nyingi ya dakika hizo hupotea kwa kumchukua mtoto kabla hajaamka, au kwa kumchukua akiwa ameshachelewa.

Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni wa vurugu. Macho yanacheza chini ya kope, uso unakunjamana, anaguna, anajinyonganyonga, hata anatoa kilio kimoja kisha kimya. Bado amelala. Ukimnyanyua, atanyonya kidogo, atasinzia kabla ya kushiba, na baada ya nusu saa mnaanza upya. Weka mkono kifuani pake, hesabu polepole hadi 20, sikiliza. Kama ni usingizi, sauti zitafifia. Kama ni njaa, dalili zitaongezeka: anatoa ulimi, anageuza kichwa kutafuta, anapeleka ngumi mdomoni. Hapo mchukue mara moja.

Ukingoja alie umelipa zaidi. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto anayelia ulimi wake umenyanyuka, titi halina pa kukaa. Atakamata chuchu tupu, ataachia, atalia tena. Usishindane naye. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi mpaka atulie, ndipo umpe.

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu la usiku, lingekuwa kunyonyesha kwa kulala ubavu. Mto chini ya kichwa chako, mwingine nyuma ya mgongo ili mwili usijikaze, magoti yakunje kidogo. Mtoto naye alale ubavu akikutazama, tumbo kwa tumbo. Wengi hukosea hapa: humweka mdomo mkabala na chuchu. Mshushe kidogo, pua ndiyo ielekeane na chuchu. Atainua kidevu ili aifikie, mdomo utapanuka, na kidevu kitagusa titi kwanza. Subiri mdomo ufunguke kama wa anayepiga miayo, kisha mlete kwako kwa kiganja kilicho katikati ya mabega yake. Kisogo usikiguse, ukikisukuma, atajirudisha nyuma. Akishika sawasawa, weusi wa titi utaonekana zaidi juu ya mdomo wa juu kuliko chini ya ule wa chini, mdomo wa chini utakuwa umebinuka nje, na utamsikia akimeza, si akipigapiga ulimi. Maumivu ya sekunde chache za mwanzo hutokea siku za kwanza. Yakiendelea, pitisha kidole safi pembeni mwa mdomo wake, aachie, muanze upya. Chuchu ikitoka imechongoka upande mmoja kama lipstiki mpya, ameshika vibaya, hata kama hukuhisi kitu.

Nepi ibadilishwe mnapohama titi la kwanza kwenda la pili. Hapo mara nyingi ameshasinzia, na baridi kidogo inamzindua amalizie. Ukiiacha mwisho utamwamsha mtoto aliyeshiba. Taa iwe hafifu na iwe chini. Simu iache (najua hamtaiacha, basi punguza mwanga wake). Mweke begani dakika 2 au 3 acheue. Asipocheua na mwili umelegea, mlaze tu: mtoto wa titi hamezi hewa nyingi. Kabla ya kumlaza inua mkono wake uuachie. Ukianguka kama kitambaa, amezama.

Alale chali, mahali tambarare na pagumu kiasi, bila mto wala blanketi la kumfunika uso, chumbani mwako, kando ya kitanda chako. Lakini mama anayenyonyesha husinzia, kwa hiyo tayarisha kitanda kana kwamba utasinzia hata kama huna nia hiyo: ondoa mito na mablanketi karibu na mtoto, ziba mwanya kati ya godoro na ukuta. Kuhamia kwenye sofa ili usilale ni kukimbilia palipo pabaya zaidi, maana mtoto hudidimia kati ya mwili wako na mto wa kiti akakosa hewa. Ukizinduka, mrudishe kitandani kwake. Na kulala na mtoto kitanda kimoja kusiwepo kabisa kama yeyote kati yenu anavuta sigara, amekunywa pombe au dawa ya kusinzisha, au kama mtoto alizaliwa njiti au chini ya kilo 2.5.

Usiku wa pili na wa tatu una tabia yake. Mtoto hung'ang'ania titi karibu kila saa, na nyumba nzima huamua kwamba mama hana maziwa. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4, na huko kung'ang'ania ndiko kunakoyaita. Chupa ya maziwa ya kopo usiku huo, bila sababu ya kitabibu, inafuta agizo. Maji hapewi kabisa. Anayetaka kumsaidia mama usiku ashike nepi, kucheulisha na kulaza.

Baadaye, mama akiruka mnyonyo mmoja ili alale, huamka na titi gumu kama jiwe. Likiachwa hivyo, maziwa hupungua, na uvimbe wenye homa unaweza kufuata. Kamua kiasi cha kulainisha tu. Ukilikausha litaagiza zaidi. Tena, anayetegemea kunyonyesha ili asishike mimba ajue njia hiyo inashika tu mtoto akiwa chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, hapewi kingine, na pengo halizidi saa 4 mchana au 6 usiku.

Yupo pia mtoto wa kuamshwa. Mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 14, asipitishe saa 3 au 4 bila kunyonya. Mfunue, mpapase nyayo, mkamulie tone la maziwa mdomoni. Kuanzia siku ya 5 tarajia nepi 6 au zaidi zilizolowa mkojo kwa saa 24, na kinyesi cha njano. Nepi zikipungua, akilegea asiamke kunyonya, joto likifika 38 au likishuka chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au manjano ikifika viganjani na kwenye nyayo, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Asubuhi msiingoje.