Sinema ya kwia ni nini, na kwa nini Berlin huituza dubu?

Kila mwezi wa Februari, baridi ikiwa kali, jiji la Berlin huandaa tamasha la filamu liitwalo Berlinale. Lilianza mwaka 1951 na leo ni mojawapo ya matamasha makubwa kabisa duniani, pamoja na Cannes na Venice. Tuzo yake kuu ni Dubu wa Dhahabu, kwa sababu dubu ndiye mnyama wa nembo ya jiji hilo. Lakini yupo dubu mwingine, mdogo, anayeitwa Teddy, jina la yule dubu wa manyoya ambaye watoto hulala naye. Huyu hutolewa kwa filamu za kwia. Filamu mbili zinazohusu Afrika Mashariki, moja ya Uganda na moja ya Kenya, zimeshampata, na hiyo inatosha kuwa sababu ya sisi wasemaji wa Kiswahili kujua maana ya neno hili.

Nianze na neno lenyewe. Kwia limetoka kwenye neno la Kiingereza queer. Zamani lilimaanisha kitu cha ajabu, kisicholingana na vingine. Baadaye likageuka tusi la kumrushia mwanamume anayependa wanaume wenzake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa New York na San Francisco huku serikali yao ikijikokota, waliokuwa wakitukanwa waliliokota tusi hilo wakaanza kujiita wenyewe. Likapoteza makali. Leo ni mwavuli wa wengi: mashoga, wasagaji, wanaopenda wanaume na wanawake, watu waliobadili jinsia, na wale wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Wenzetu wa Uganda wana neno lao, kuchu, ambalo hutumiwa na wahusika wenyewe bila aibu.

Kiswahili nacho kina historia yake hapa. Mwanamke wa pwani humwita mwenzake wa karibu shoga, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Neno hilohilo akiitwa mwanamume, kikao chote kinanyamaza. Tuna pia msagaji na hanithi, na si maneno yaliyoshuka na ndege juzi. Lugha haitungi jina la kitu ambacho watu wake hawajakiona.

Sasa, filamu huwa ya kwia lini? Wengi hudhani inatosha kuwe na mhusika shoga ndani yake. Haitoshi. Sinema ilikuwa na wahusika hao tangu ikiwa changa, ila walikuwemo wa kuchekwa au wa kufa. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili zilizotekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi 1968, na mapenzi ya jinsia moja yalihesabiwa humo kuwa upotovu usioruhusiwa kuonyeshwa. Watunzi waliotaka kuyagusa walipitia vichochoroni: mhusika asiyetajwa ni nani, anayejulikana kwa manukato na mwendo wake, na ambaye kabla taa hazijawashwa ameshajinyonga au amepigwa risasi. Kifo ndicho kilikuwa kibali cha kuonekana.

Linganisha na filamu moja ya Kijerumani ya mwaka 1919, Anders als die Andern, yaani tofauti na wengine. Iliongozwa na Richard Oswald akishirikiana na daktari Magnus Hirschfeld, mtafiti wa masuala ya jinsia aliyeonekana pia ndani ya filamu. Mpiga fidla anampenda mwanafunzi wake, anatishwa na mtu anayemdai pesa ili asimfichue, na mwishowe anajiua. Ndiyo, naye anakufa. Lakini filamu inakielekeza kidole kwenye sheria, kifungu cha 175 kilichowafanya wanaume wa Ujerumani wanaopendana kuwa wahalifu, na ambacho ndicho kilimpa yule mtu silaha ya kutishia. Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Katika sinema ya kawaida ya zamani mtu huyu ndiye tatizo la hadithi. Katika sinema ya kwia, tatizo liko katika kile anachofanyiwa, na kamera imesimama upande wake, inaona anachokiona yeye.

Mwaka uliofuata filamu hiyo ilizuiwa kuonyeshwa kwa umma. Mwezi Mei 1933 taasisi ya Hirschfeld mjini Berlin ilivamiwa na wafuasi wa Nazi, na vitabu vyake vikachomwa hadharani. Filamu yenyewe imebaki vipande tu. Kifungu cha 175 kilifutwa kabisa mwaka 1994. Ukijua hayo, hutashangaa kwamba tuzo ya kwanza ya namna hii katika tamasha kubwa ilizaliwa katika jiji hilohilo.

Waliomzaa Teddy ni wanaume wawili waliokuwa wakiandaa kitengo cha tamasha kinachoitwa Panorama, Manfred Salzgeber na Wieland Speck. Walikuwa wakichagua filamu kutoka pembe zote za dunia, na waliona kwamba zile zinazohusu mashoga na wasagaji zikishafika Berlin hupotea katikati ya mamia ya nyingine. Hakuna aliyezikusanya, hakuna aliyezitaja kwa jina. Mwaka 1987 wakaanza kuzituza wao wenyewe, kwa dubu wa kuchezea. Mshindi wa kwanza wa filamu ndefu alikuwa Mhispania Pedro Almodóvar, na wa filamu fupi Mmarekani Gus Van Sant, ambao wakati huo hawakuwa na umaarufu walio nao leo. Mwaka 1992 tamasha likamtambua Teddy kuwa tuzo yake rasmi. Salzgeber alifariki kwa ukimwi miaka miwili baadaye.

Mwaka huohuo wa 1992 mhakiki wa Marekani, B. Ruby Rich, aliandika makala iliyoyapa jina mawimbi mapya yaliyokuwa yakipiga: sinema mpya ya kwia. Alikuwa ameona filamu zikitokea kwenye matamasha, moja baada ya nyingine, zisizoomba radhi na zisizojaribu kumwonyesha shoga kama malaika ili apendwe. Mfano ni Poison ya Todd Haynes na ile ya hali halisi kuhusu mashindano ya mitindo ya mashoga na watu waliobadili jinsia wa New York, wengi wao weusi na Walatino, Paris Is Burning. Zote mbili zilishinda kwenye Sundance, tamasha la filamu la Marekani, mwaka 1991, na mwaka huohuo zote mbili zikampata Teddy.

Teddy hufanya kazi hivi. Filamu yoyote iliyochaguliwa katika kitengo chochote cha Berlinale, ikiwa na maudhui ya kwia, inaweza kushindania. Jopo la waamuzi hukusanywa kutoka nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa watu wanaoandaa matamasha madogo ya kwia huko kwao. Wanatuza filamu ndefu ya kubuni, filamu ya hali halisi na filamu fupi, na ipo tuzo ya jopo kwa kazi iliyowagusa kwa namna ya pekee. Cannes ilifuata kwa Queer Palm mwaka 2010. Venice ilikuwa imetangulia kwa Queer Lion mwaka 2007.

Mtu anaweza kuuliza dubu huyo ana faida gani. Faida yake kubwa ni safari. Wakati wa Berlinale hufanyika pia soko la filamu, ambako wasambazaji hununua haki za kuonyesha. Filamu isiyo na nyota wala bajeti ya matangazo ikipata tuzo, mnunuzi husimama kidogo kuitazama. Na wale waamuzi wanarudi kwao wakiwa wameiona, wanaialika kwenye ukumbi wao wa viti mia. Una mujer fantástica ya Chile, inayomhusu mwanamke aliyebadili jinsia anayezuiwa kumzika mpenzi wake, ilimpata Teddy mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Wapo wanaoipinga tuzo ya namna hii, tena wakiwa ndani. Mwongozaji Xavier Dolan wa Kanada alishinda Queer Palm mwaka 2012, kisha akajitenga nayo hadharani akisema inazifungia filamu kwenye kichumba cha peke yake. Naielewa hoja hiyo, na natamani dunia iwe vile anavyoitaka. Lakini yeye anatoka Montréal. Kwa mtunzi ambaye nchini kwake filamu hiyo haiwezi kupata hata ukumbi mmoja, kichumba hicho ndicho mahali pekee penye taa.

Tazama yaliyotokea kwetu. Mwaka 2012 Teddy wa filamu ya hali halisi alikwenda kwa Call Me Kuchu, iliyoongozwa na Katherine Fairfax Wright na Malika Zouhali-Worrall. Walikuwa wamekwenda Kampala kumfuata mwanaharakati David Kato na wenzake, wakati gazeti moja likichapisha picha na majina ya watu liliowatuhumu kuwa mashoga. Kato na wenzake walilishtaki gazeti hilo wakashinda mwanzoni mwa Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huohuo aliuawa nyumbani kwake. Filamu iliyoanza kama hadithi ya watu wanaopigania haki yao mahakamani ikawa pia ya mazishi. Anayeitazama leo anamwona Kato akiwa hai, akiongea, akicheka, na hilo gazeti halikuwa limempa nafasi hiyo.

Kisha ikaja Stories of Our Lives, kazi ya kikundi cha wasanii wa Nairobi kiitwacho The Nest, ikiongozwa na Jim Chuchu. Walizunguka wakikusanya simulizi za Wakenya bila kutaja majina yao, wakachagua chache wakazigeuza filamu fupi tano, kwa rangi nyeusi na nyeupe, ambazo kwa pamoja hazizidi saa moja hivi. Ilionyeshwa kwanza Toronto, Septemba 2014. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya ikaikataza, na George Gachara, mmoja wa watayarishaji wake, akakamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila kibali. Mashtaka yaliondolewa baadaye. Februari 2015 Berlin ikaipa tuzo ya jopo la Teddy. Hadithi zilizosimuliwa Kenya, zikachezwa na Wakenya, ilibidi zivuke bahari ndipo zikae mbele ya watazamaji.

Ya tatu haikupitia Berlin bali Cannes. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha hilo. Inawahusu Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja cha mtaa, na imetokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Kahiu ameeleza kwa nini aliita hivyo: nchini Kenya, ukitaka kumtambulisha mpenzi wako wa jinsia yako, unasema tu, huyu ni rafiki yangu. Msomaji wa Kiingereza atahitaji kuelezwa. Wewe umeshaelewa, maana lugha yetu ina maneno mengi yanayoweza kubeba siri bila kuipasua.

Bodi ilikuwa imeipiga marufuku kabla hata haijafika Cannes. Kwa maelezo ya Kahiu, kilichowakera wanabodi ni mwisho wake. Walitaka ubadilishwe, usiwe wa matumaini. Rudi kwenye zile kanuni za Hollywood uone jinsi desturi ile ilivyokuwa bado hai Nairobi mwaka 2018: hawa wapenzi wangevumilika, mradi waadhibiwe. Kahiu alikataa. Kwangu mimi, hakuna kitabu kinachoeleza maana ya sinema ya kwia kwa ufupi kuliko mzozo huo juu ya dakika chache za mwisho.

Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisitisha marufuku kwa siku saba, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani na iweze kuwasilishwa kwa ajili ya Oscar. Watu walijaa kumbi za Nairobi, tiketi zikaisha, vipindi vikaongezwa. Siku saba zikapita na marufuku ikarudi. Kamati ya Kenya ilipeleka filamu nyingine kwenye Oscar, Supa Modo, na mwaka 2020 mahakama ikaikubali marufuku ya Rafiki.

Katikati ya hayo kuna jambo ambalo halikutangazwa sana. Husemwa kwamba filamu hizi hupendwa na Wazungu tu, kwamba Berlin na Cannes huzituza ili kutusimanga. Mwaka 2019 Rafiki ilifika FESPACO, tamasha la Ouagadougou, Burkina Faso, ambalo Waafrika wenyewe hulihesabu kuwa baba wa matamasha ya bara hili. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Samantha Mugatsia, aliyecheza Kena.