Betri ya moyo: maswali ya familia

Daktari, mama amezimia mara tatu mwaka huu. Tumeambiwa awekewe betri ya moyo. Moyo wake unatolewa?

Hapana, anabaki na moyo wake. Moyo una umeme wake wenyewe, unaoanzia chumba cha juu kulia na kushuka hadi vyumba vya chini. Njia hiyo ikichakaa, mapigo hupungua. Mtu mzima akitulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakishuka hadi 30, damu haitoshi ubongoni, anaanguka. Inaniuma kuona wazee wakizungushwa kwa waganga miezi mingi, wakidhaniwa wana mashetani au kifafa, wakati kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ni cha dakika chache tu.

Betri hiyo, pesimeka, hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupita kwenye mshipa hadi moyoni. Kifua hakipasuliwi, kwa kawaida ganzi ya sehemu hiyo inatosha. Moyo ukichelewa kupiga, inauchochea. Dar es Salaam kazi hii hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mjomba yeye kawekewa inayopiga shoti. Si ni kitu kilekile?

Ni ndugu tu. Hiyo ya mjomba, difibrileta, inalinda dhidi ya mapigo ya kasi ya hatari, pale vyumba vya chini vinapotetemeka bila kusukuma damu. Hapo mtu hufa kwa dakika chache. Kifaa kinatambua na kupiga shoti. Wengi husema ni kama teke la kifuani. Mkimshika wakati huo hamtadhurika.

Shoti moja na anajisikia vizuri: pigieni kliniki yake siku hiyohiyo. Shoti mbili au zaidi, au moja tu lakini ana kizunguzungu, maumivu ya kifua au anahema: hospitali mara moja.

Simu je?

Aitumie, ila asiiweke mfuko wa shati. Iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15. Kabla ya kipimo cha MRI, picha zinazopigwa kwa sumaku kali, aseme ana kifaa na aonyeshe kadi ya kifaa hicho. Dawa zake asiziache.

Betri ikiisha?

Haizimiki ghafla. Hudumu miaka 5 hadi 15, na kliniki huona mapema inapopungua. Hubadilishwa kasha lenye betri, waya mara nyingi hubaki. Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kupandikizwa pesimeka mwaka 1958, kifaa chake kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001.