HSA, sevingi na maneno ya chumba cha chakula

Kila ikifika Novemba kazini kwetu hapa Columbus, Marekani, HR (watu wa utumishi) wanatuma imeli tuchague bima ya mwaka unaofuata, basi ndo utasikia kila aina ya uchumi wakati wa breki. Waswahili tupo kama kumi kwenye shifti, Wakongo, Wakenya na sisi wa Bongo, na kila mtu ana shemeji yake aliyemwambia kitu. Mwaka jana dada mmoja kagoma HSA, yaani akaunti ya akiba ya matibabu, nikimwona kabisa, kijiko kipo kwenye wali simu mkono wa pili, anasema mimi siitaki hiyo, hela ikibaki Desemba wanaichukua wenyewe. Na kampuni ilikuwa inaweka dola 500 za bure kwa kila anayeifungua. Zikaondoka hivo hivo.

Hiyo ya Desemba ni FSA jamani, akaunti nyingine ya matibabu. Herufi moja tu ndo inatofautisha na ndo inayotuumiza. FSA iko chini ya mwajiri, unataja kiasi mwanzo wa mwaka na usipokitumia kinapotea, labda kampuni ikubali uvushe kidogo kwenda mwaka unaofuata (kwa 2025 mwisho ilikuwa dola 660). HSA ni akaunti yako kwa jina lako, ilianza 2004 baada ya sheria aliyosaini George W. Bush mwaka mmoja kabla, na hela yake haina tarehe ya kuoza. Ukiacha kazi au ukifukuzwa unaondoka nayo, pamoja na zile alizokuwekea mwajiri.

Mwingine atakwambia "mimi nina HSA kwahiyo nina bima". HSA siyo bima, ni akaunti ya akiba tu ambayo serikali imeipendelea kwenye kodi. Na huifungui hivi hivi, lazima uwe kwenye bima ya aina ile ambayo unatoa kwanza hela nyingi mfukoni mwako ndo yenyewe ianze kulipa. Kwa 2026 hicho kiasi cha mwanzo kisipungue dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia, na kwenye HSA unaruhusiwa kuweka mpaka 4,400 ukiwa peke yako, 8,750 ukiwa na familia, ukifika miaka 55 unaongeza 1,000 juu. Waliojinunulia bima wenyewe kwenye soko la serikali, yaani Obamacare, mipango ya bronzi (ile ya malipo madogo kila mwezi) nayo inakubalika kwa HSA kuanzia Januari 2026.

Utamu wake uko kwenye kodi na hapa watu wanapita haraka mno. Hela inaingia bila kukatwa kodi ya mapato, ikizaa haikatwi, ikitoka kwa matibabu haikatwi, sevingi ya kawaida haikupi hata kimoja katika hivyo. Ila ipitishie kwenye mshahara kazini, usisubiri kuiweka mwenyewe baadaye, manake ikipita kwenye mshahara inakwepa pia yale makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya wazee), asilimia 7.65. Walioko California na New Jersey, jimbo lenu haliitambui, kodi ya jimbo mtalipa tu.

Sasa usije ukatoka hapo mbio. Kama una mtoto wa pumu na kila mwezi uko kwa daktari, hiyo bima ya kutoa kwanza mfukoni inaweza kukumaliza kabla ya Aprili, chukua kalkuleta ujumlishe makato ya bima ya mwaka mzima na matibabu unayoyajua yanakuja, ulinganishe na ile bima nyingine. Kwa kijana asiyeumwa hesabu inakuja tofauti kabisa.

Halafu kuna hii ambayo ni yetu sisi wenye watu nyumbani: "nitaweka HSA mama akiugua natoa hapo". Aisee, hapana. HSA inalipia matibabu yako, ya mume au mke wako na ya wanaokutegemea kwa sheria ya kodi ya Marekani, na mzazi anayeishi Mwanza au Eldoret, kama siyo raia wa huku, haingii hata kama ni wewe unayemlisha kila siku, manake ndugu wa kuhesabiwa hivyo lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Canada au Mexico. Ukiitoa ukamtumia unalipa kodi ya mapato juu yake pamoja na faini ya asilimia 20. Kwa dola 1,000 ya operesheni ya mama, 200 ni faini peke yake kabla hujagusa kodi. Ukishapita miaka 65 faini inaondoka inabaki kodi. Kwahiyo hela ya dharura ya nyumbani ikae kwenye sevingi ya kawaida, msichanganye.

Na hiyo sevingi ya kawaida nayo ina maneno yake. "Benki zote sawa tu, hela si inakaa." Mimi niliamini hivo nikafungua sevingi kwenye benki moja kubwa, kisa tu iko njiani naenda kazini, nikaweka dola 240 nikajisahau mwaka mzima. Siku naangalia kuna 180 na senti 2. Zile senti 2 ndo riba. Dola 60 zimekwenda kwa makato ya dola 5 kila mwezi eti akaunti iko chini ya 300, na kweli nilivyorudi kwenye makaratasi nikakuta nimesaini mwenyewe, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Riba yao ilikuwa asilimia 0.01. Dola 5,000 kwa riba hiyo inazaa senti 50 kwa mwaka, wakati kwenye akaunti ya asilimia 4, na benki za mtandaoni zilizolipa hivo 2024 zilikuwa nyingi tu, inazaa kama dola 200. Riba inapanda na kushuka, hiyo ya leo usiihesabu mpaka Krismasi. Na IRS, watu wa kodi wa Marekani, wanataka ripoti yake, ikifika dola 10 benki wanakutumia fomu ya riba, 1099-INT, ikiwa chini ya hapo hawakutumii ila kisheria bado unaitaja.

"Ya mtandaoni siyo benki, haina ofisi." Ofisi siyo kitu, angalia kama ni mwanachama wa FDIC, shirika la serikali linalokinga hela za benki, hapo umekingwa mpaka dola 250,000 kwa kila benki, na kwa credit union (ushirika wa akiba, kama SACCOS) anayekinga ni NCUA kwa kiasi kile kile. Pa kuogopa ni hizi apu zinazojifanya benki wakati hela yako inapitia kwa mtu wa kati. 2024 kampuni ya kati inaitwa Synapse ilifilisika, watu zaidi ya 100,000 wakawa hawaoni hela zao, na FDIC haikuwalipa kwasababu benki zenyewe hazikufa, aliyekufa ni wa kati.

"Bila green card hufungui." Unafungua, benki na credit union kadhaa wanapokea pasipoti na ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security), uliza kabla ya kupanda basi.

"CD (akiba ya muda maalumu) hela imefungwa kabisa." Siyo kabisa, ukiitoa kabla ya muda wanakata sehemu ya riba, mara nyingi ya miezi kadhaa.

Nimalizie HSA maana dada yule aliniuliza tena wiki iliyopita, anaenda Dar mwakani anataka kuziba meno mawili huko kwasababu huku bei yake ni nauli ya ndege. HSA inalipa? Inalipa, meno ni yake mwenyewe na matibabu ya nje yanahesabika, ila nauli ya likizo asiiingize, na risiti iwe na jina lake, tarehe na kazi iliyofanyika. Tena akaunti iwe imeshafunguliwa kabla hajakaa kwenye kiti cha daktari. Hapo akanyamaza kidogo, akauliza fomu ya HR inafungwa lini.