Je, wajua kwa nini kaboni za mota, vile vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipitishia umeme, huisha haraka mota ikibeba mzigo mdogo?

Mtu angedhani mota isiyochoka hula kaboni polepole. Kwenye mota kubwa zenye pete za rota (pete za kupitishia umeme kwenye sehemu inayozunguka), kama zile za vinu vya saruji, mara nyingi huwa kinyume.

Kaboni haitakiwi kusugua shaba tupu. Ikishazoeana na pete, huweka juu yake utando mwembamba wa oksidi ya shaba, grafati na unyevu wa hewani. Utando huo ndio ulainisho wake. Pete yenye afya ni ya hudhurungi, laini, rangi moja mzunguko mzima. Ikimetameta kama sarafu mpya, ujue utando umekwanguliwa. Umeme unaopita ndio unaoujenga, kwa hiyo ukipungua mno, utando hulika kuliko unavyojengwa. Hewa kavu nayo huumaliza: katika Vita vya Pili vya Dunia, kaboni za jenereta za ndege zilizoruka juu sana zilisagika kuwa vumbi kwa muda mfupi.

Tupige hesabu. Kaboni yenye uso wa milimita 32 kwa 20 ina sentimita mraba 6.4. Aina nyingi za grafati hufurahia ampea 8 hadi 12 kwa kila sentimita mraba. Pete yenye kaboni 6 na ampea 150 inazipa chini ya 4 kwa kila sentimita mraba. Hiyo ni njaa! Ukiacha kaboni 3, kila sentimita mraba inapata karibu 8. Toa idadi sawa kwenye kila pete, na kwanza hakikisha zilizobaki zitahimili ampea za mzigo kamili.

Kabla ya kulaumu kaboni, pima springi inayoikandamiza kwenye pete. Weka kipande cha karatasi chini ya kaboni, ivute juu kwa mizani ya ndoano, na usome pale karatasi inapochomoka kirahisi. Kwa gramu 200 kila sentimita mraba, hapa utegemee kilo 1.3 hivi. Springi ikilegea, cheche hutoboa pete. Kosa hili ni baya kuliko kukaza kidogo.

Kaboni mpya zichongwe kwa msasa uliozungushiwa pete, upande wa kukwaruza ukielekea kaboni. Msasa wa emeri usiutumie, punje zake hujichomeka kwenye kaboni na kuchora pete. Kisha nyonya vumbi lote kwa mashine. Ukilipuliza litaingia kwenye waya, na vumbi hilo hupitisha umeme.