Je, wajua kwa nini moshi mweupe wa bomba la zinki humpa fundi homa usiku?

Miaka kadhaa iliyopita nilishinda kwenye karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nikisubiri geti langu. Kijana aliyekuwa akichomelea alikuwa anaunga mabomba yenye rangi ya fedha, yale yaliyopakwa zinki ili yasishike kutu. Kila fimbo ilipogusa bomba, moshi mweupe uliinuka mzito kama wa kuni mbichi, na kufikia adhuhuri kofia na nyusi zake zilikuwa zimeganda vijinyuzi vyeupe, vyepesi kama sufi ya kujazia mito. Alisema mdomoni anasikia utamu wa chuma. Mchana akamtuma mtoto maziwa. “Haya yanasafisha mapafu,” akaniambia, nami nikaitikia kwa moyo wote, maana nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni.

Kesho yake nilipofuata geti nikaambiwa hakuja. Usiku alitetemeka chini ya mablanketi mawili, viungo vyote vinamuuma, na alfajiri akameza dawa za malaria bila kupima. Keshokutwa yake alikuwa kazini, mzima.

Mimi nililieleza jambo hili hivi: zinki ni sumu, sumu iliingia kwenye damu, maziwa yakapunguza makali yake, dawa zikamalizia. Niliishi na maelezo hayo kwa miaka mingi, na nimewahi kumpa mtu mwingine kama ushauri. Hakuna hata kipande kimoja kilicho sahihi.

Tuanze na sumu. Mtoto anayeharisha hupewa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki. Ndivyo WHO na UNICEF walivyoelekeza mwaka 2004: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Zinki imo kwenye nyama, maharage na dagaa, na bila hiyo kinga ya mwili hudhoofika. Madini yaleyale yakipita tumboni ni tiba. Yakifika mapafuni yakiwa moshi, mtu analala na homa. Basi swali la kuuliza ni yameingia kwa umbo gani na kwa mlango upi.

Maziwa nayo hupita njia ya chakula. Moshi hupita njia ya hewa. Njia hizo mbili huachana kooni, na maziwa yakipotea njia yakaelekea mapafuni mtu hupaliwa. Hayana namna ya kufika kule moshi ulikotua. Sifa yake inatokana na saa tu: homa hii huanza baada ya muda wa saa 4 hadi 10 tangu kuvuta moshi, kisha huondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Ugonjwa unaoondoka wenyewe huipa sifa dawa yoyote iliyokuwa karibu. Aliyekunywa maziwa atayashukuru maziwa, na aliyemeza dawa za malaria atazishukuru hizo. Kwetu hili la pili ni zito, kwa kuwa dalili zinafanana mno, na kipimo cha malaria cha dakika 20 ndicho kingetenganisha.

Kufanana huko si kwa leo. Mwaka 1862 daktari Mwingereza Edward Headlam Greenhow aliandika kuhusu wayeyushaji wa shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, akaita maradhi yao kwa neno lilelile walilolitumia Waingereza kwa homa ya malaria.

Sasa moshi wenyewe. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma cha pua huanza kuyeyuka karibu na 1,500. Maana yake, kabla chuma hakijayeyuka, zinki imeshageuka mvuke. Mvuke huo ukikutana na oksijeni unakuwa oksidi ya zinki, punje ndogo zilizoshikana kama shanga, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100. Unywele wa kichwani una unene wa karibu nanomita 80,000.

Udogo huo unabadilisha mambo. Nazi nzima ukiiloweka haitoi tui. Ukiikuna, kila chicha linaachia. Chukua mchemraba wa sentimita 1: nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 100, na nyuso hizo zinafikia mita 60 za mraba, karibu vyumba vinne vya mita 4 kwa 4. Uzito haujaongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mahali pa kuyeyukia.

Punje hizi hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako hakuna vinyweleo vya kusukuma uchafu juu. Usafi wa huko unafanywa na seli ziitwazo makrofaji, ambazo humeza chochote kigeni, iwe bakteria au vumbi, na kukitumbukiza kwenye kifuko chenye tindikali. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili.

Fikiria seli ni sufuria ya mchuzi. Mpishi anahitaji chumvi, lakini kidogo sana, na mlangoni kuna mtu anayeipokea kwa kubana vidole viwili. Ndivyo zinki ya chakula inavyoingia: ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) moja moja, kupitia vilango vya protini vinavyofungwa kiasi kikitosha. Punje ya oksidi ya zinki haipiti hapo. Ni bonge la chumvi ya mawe lililofungwa kwenye kifurushi, na makrofaji imelipokea kwa sababu kazi yake ni kupokea vifurushi. Nje ya seli, ambako hakuna tindikali, bonge lilikuwa likiyeyuka polepole tu. Ndani ya kifuko cha tindikali linayeyuka kwa kasi, ioni zinafurika, na mchuzi mzima unaharibika. Seli inaona dalili zilezile za hatari, nayo inapiga mbiu kana kwamba imevamiwa.

Mbiu hiyo imeshapimwa kwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwapa watu waliojitolea kazi ya kuchomelea chuma chenye zinki, kisha wakaosha sehemu ya mapafu yao kwa maji ya chumvi na kuchunguza yaliyotoka. Saa 3 baadaye ilikuwa imepanda kemikali ya mwito iitwayo TNF. Baadaye zikafuata intalukini-6 na intalukini-8, na neutrofili, askari wa kawaida wa kupambana na bakteria, wakamiminika mapafuni. Bakteria hakuna. Kemikali za mwito zikiingia kwenye damu hufanya ubongo upandishe kipimo cha joto la mwili, na mtu anatetemeka ili kulifikia. Ni njia ileile inayotumiwa na malaria na mafua, ndiyo maana mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitofautisha. Napenda sana jambo hili: homa kamili, yenye kila kitu isipokuwa kijidudu.

Je, oksidi yoyote ya metali hufanya hivi? Hapana. Watafiti wa kundi hilohilo waliwavutisha watu punje ndogo za oksidi ya magnesi, na mwitiko huo haukuonekana. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba seli imezoea magnesi nyingi ndani yake, lakini zinki huru huwa nayo kidogo mno. Hilo lina nguvu, ingawa si neno la mwisho. Oksidi ya titani, ile nyeupe ya kwenye rangi za ukuta, ni kokoto kwenye mchuzi: haiyeyuki, hukaa, na madhara yake, panya wanapovutishwa kwa wingi, ni ya kujazana polepole. Wapo pia wanaosema uso wa punje ya zinki unawasha kinga hata kabla ya kuyeyuka. Majaribio mengi ya kuliamua hilo yamefanywa kwenye vyombo vya maabara, kwa viwango ambavyo pafu la fundi huenda lisivione kamwe.

Mafundi husema mwili huzoea, na hapa nao wako sahihi kuliko nilivyodhani. Anayevuta moshi huu siku baada ya siku hupata homa siku ya kwanza, kisha inapungua. Huenda seli zinatengeneza kwa wingi metalothionini, protini inayoikamata zinki iliyo huru. Lakini mazoea hayo hayamalizi mapumziko ya mwisho wa wiki, ndiyo maana ugonjwa huu umeitwa pia homa ya Jumatatu. Wala hayahusu sehemu nyingine za moshi: mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya hakika vya saratani.

Kinachosaidia hufanyika kabla ya cheche: kukwangua zinki sentimita kadhaa kila upande wa kiungo, kusimama upande upepo unakotokea, kuvaa barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali badala ya kitambaa. Na kuna moshi mmoja wa kuogopwa zaidi, wa kadimi, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya vyuma vilivyopakwa na baadhi ya risasi za kulehemu zenye fedha. Siku ya kwanza unafanana kabisa na huu wa zinki. Siku ya pili, badala ya kupata nafuu, kifua kinazidi kubana, na unaweza kuua. Fundi wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi, na aliyempeleka amwambie daktari alikuwa akichomelea nini.