Studienkolleg ni nini? Mwaka wa maandalizi kabla ya chuo kikuu Ujerumani

Mtu ameomba kusomea uhandisi katika chuo kikuu cha Ujerumani. Matokeo yake ya sekondari ni mazuri, hesabu amepata alama ya juu, lakini jibu linalorudi linamtaka apitie kwanza Studienkolleg. Wengi husoma barua hiyo kama kukataliwa na kuiweka kabatini. Ilhali barua hiyo ni mlango uliofunguliwa nusu, na nusu iliyobaki inategemea mambo ambayo mwombaji anaweza kuyaandaa akiwa bado nyumbani.

Studienkolleg ni chuo cha maandalizi. Kinampokea aliyemaliza sekondari nje ya Ujerumani na ambaye cheti chake hakilingani na Abitur, cheti cha kumalizia sekondari ya huko. Husoma mihula miwili, yaani mwaka mmoja, halafu hufanya mtihani uitwao Feststellungsprüfung, ambao wanafunzi wenyewe huuita FSP. Akifaulu, anaruhusiwa kuomba shahada. Vipindi huwa kama 28 hadi 32 kwa wiki, vyote kwa Kijerumani, na mahudhurio hufuatiliwa. Masomo ya mwaka huo hayahesabiwi kwenye shahada: ukiingia chuo kikuu unaanza muhula wa kwanza kama wenzako wote.

Nani anapaswa kupitia huko? Jibu liko kwenye anabin, hazina ya taarifa ya serikali ya Ujerumani inayopima vyeti vya kila nchi. Iko kwa Kijerumani, kwa hiyo Kenya utaitafuta kama Kenia, Tanzania kama Tansania, Rwanda kama Ruanda. Kanuni ya msingi ni kwamba cheti chako lazima kwanza kikuruhusu kuingia chuo kikuu nchini kwako. Ndiyo maana kidato cha nne pekee cha Tanzania hakimfikishi mtu hata kwenye Studienkolleg. Kwa nchi kadhaa ipo pia njia ya pembeni: ukisoma nyumbani mwaka mmoja au zaidi katika chuo kikuu kinachotambuliwa na ukafaulu, unaweza kuomba moja kwa moja fani ileile au ya jirani bila kupitia maandalizi. Aliye tayari mwaka wa kwanza wa shahada nyumbani aiangalie njia hii kabla ya kuacha masomo. Kuna wanaoacha chuo mapema, kumbe miezi michache tu ingewaokolea mwaka mzima.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye kuchagua kozi. Studienkolleg imegawanywa kwa fani. T-Kurs ni ya uhandisi, hesabu na sayansi asilia kama fizikia. M-Kurs ni ya udaktari, famasia na biolojia. W-Kurs ni ya uchumi, biashara na sayansi ya jamii, G-Kurs ya sanaa na historia, S-Kurs ya lugha. Mtihani wa mwisho unakufungulia fani za kozi yako tu. Aliyemaliza T-Kurs akabadili moyo na kutaka udaktari, FSP yake haimfikishi huko. Kuna pia mgawanyo wa pili: vyuo vya maandalizi vya vyuo vikuu kamili na vile vya Fachhochschule, vyuo vikuu vya sayansi tumizi, mfano Coburg na Konstanz. FSP ya kundi la pili kwa kawaida haikuingizi chuo kikuu kamili, kwa hiyo uliza jambo hili kabla ya kutuma maombi.

Kwa kawaida hujiandikishi Studienkolleg kama unavyojiandikisha shule. Unaomba shahada katika chuo kikuu, mara nyingi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo. Ada yake ni euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula uleule. Chuo kikiona cheti chako kinahitaji maandalizi, ndipo kinakupeleka kwenye mtihani wa kujiunga, Aufnahmetest. Tarehe za mwisho zinazotajwa sana ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, lakini vyuo vingi hufunga mapema zaidi kwa wanaokwenda Studienkolleg. Soma ukurasa wa chuo chenyewe.

Aufnahmetest ndipo wengi wanapokwama, na sababu si ugumu wa hesabu. Sehemu ya Kijerumani mara nyingi huwa C-Test: unapewa vifungu vifupi ambamo kila neno la pili limekatwa nusu yake ya mwisho, nawe unajaza. Anayejua maana ya neno lakini hana uhakika na miishio ya sarufi hupoteza alama mstari kwa mstari. Vyuo hutaka angalau kiwango cha B1, yaani ngazi ya kati ya ujuzi wa lugha, na vingi siku hizi hutaka B2, ngazi iliyo juu yake. Mtu anayeanza sifuri anahitaji takriban vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika B2, kwa hiyo anayejisajili kozi ya Kijerumani Goethe-Institut Nairobi au Dar es Salaam mwezi Mei akitarajia mtihani wa Julai amechelewa mwaka mzima. Hesabu ni za sekondari: sehemu, vipeo, logi, milinganyo, trigonometria. Ugumu wake ni kwamba mara nyingi kikokotoo hakiruhusiwi na maswali yameandikwa kwa Kijerumani. Jifunze maneno ya hesabu kwa lugha hiyo: Bruch ni sehemu, Wurzel ni kipeuo, Gleichung ni mlinganyo.

FSP yenyewe ina sehemu ya maandishi na ya mazungumzo. Ukishindwa, unaweza kuirudia mara moja tu. Ukifaulu somo la Kijerumani ndani yake, hutakiwi tena kufanya mtihani mwingine wa lugha kuingia chuo kikuu. Alama yake huunganishwa na ya cheti chako cha nyumbani. Kwanza cheti hicho hubadilishwa kuwa kipimo cha Kijerumani, ambamo 1 ni bora na 4 ni kufaulu kwa shida: alama ya juu kabisa toa yako, gawanya kwa alama ya juu kabisa toa ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 80 katika mfumo ambao juu ni 100 na kufaulu ni 50 anapata 2.2. Akipata 1.4 kwenye FSP, wastani wake ni 1.8. Tofauti hiyo ni kubwa kwa fani zenye ushindani. Kwenye udaktari, takriban 5% tu ya nafasi huwekewa wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya.

Kuhusu fedha, Studienkolleg za serikali kwa kawaida hazitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, mara nyingi kati ya euro 100 na 400, ambao sehemu kubwa huwa ni tiketi ya usafiri. Uzito uko kwenye maisha: ubalozi unataka uthibitisho wa euro 11,904 kwa mwaka, na wengi huziweka kwenye Sperrkonto, akaunti inayokuruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Ada ya viza ni euro 75. Usiende kwa viza ya utalii ukidhani utaibadilisha ukifika. Utarudishwa kuomba upya nyumbani. Fungua maombi ya viza mara unapopata mwaliko wa Aufnahmetest, kwa kuwa foleni za miadi haziendi sambamba na kalenda za vyuo.

Vipo pia vyuo binafsi vya maandalizi, na hivi hulipiwa maelfu ya euro. Baadhi ni vizuri na baadhi havina haki ya kutoa FSP, hivyo mwanafunzi wao hulazimika kwenda kuufanya mtihani nje kwenye chuo cha serikali, mbele ya wasahihishaji wasiomjua. Kabla ya kulipa chochote, waulize kwa maandishi: je, FSP inafanyika hapa hapa, na inatambuliwa na jimbo gani? Jibu likizunguka, usitume hela.