Queen walifika Kigoma kwa spika moja

Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma mjini, nimeshaipita miaka 30 kwenye hii kazi, na kuna swali huwa namuuliza kila mteja nikikuta ana kanda au flashi yenye nyimbo za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza: we hawa uliwasikia wapi mara ya kwanza? Siulizi ili muda uende. Jibu lake linaniambia alisikia nini hasa, maana watu wawili wanaweza kukaa hapa benchi langu wote wanaipenda bendi ileile na wimbo uleule kumbe mmoja alisikia nusu yake, mwingine alisikia umepandishwa spidi, mwingine alisikia umekatikakatika kwa sababu ya mawimbi, na kila mmoja ule aliousikia ndo wimbo wenyewe kwake mpaka leo.

Nianze na mzee mmoja wa Ujiji, alikuwa mtu wa reli, keshastaafu zamani. Aliniletea redio kaseti yake ya spika mbili, kubwa, ya kubeba begani, akasema fundi hii inapiga upande mmoja tu, na inapiga hivyo tangu mwaka 1986, sasa wajukuu wamenichangia hela nitengeneze. Ndani ya deki kulikuwa na kanda yake, lebo imefutika kabisa, C-60 ya kurekodia, ya dakika 60. Nikamuuliza hii nini, akasema hii ni ya Wazungu wa Bismillah.

Sikuelewa mpaka nilipobonyeza. Ulikuwa Bohemian Rhapsody, ule wa 1975, wimbo wa dakika tano na sekunde 55, na pale katikati kwenye ile sehemu ya sauti nyingi kama opera kweli linatamkwa Bismillah, wazi kabisa, tena linarudiwa. Mzee akaniambia kanda aliletewa na binamu yake aliyekuwa anasoma Dar, aliweka tu jioni moja baada ya magharibi huku anasubiri chakula, hakuwa anasikiliza kwa makini, Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, mara akasikia lile neno. Akainuka kwenye mkeka. Akarudisha nyuma kwa kalamu ya Bic kwa sababu kitufe cha kurudisha kilikuwa kibovu na betri alikuwa anazibania, akasikiliza tena. Kuanzia siku hiyo ikawa bendi yake.

Sasa nieleze ufundi kidogo hapa kwa sababu ndo penye utamu. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu, na kila upande wa kanda unabeba njia mbili, ya kushoto na ya kulia, kila njia haifiki hata milimita moja. Unapita mbele ya hedi, yaani kile kichwa kinachoisoma kanda, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Hedi ya stirio ndani yake ina koili mbili, moja inasoma kushoto nyingine kulia, na nyuma yake zinatoka waya nyembamba sana. Waya mmoja ukiachia, chaneli moja imekufa, redio inaendelea kuimba kama kawaida na mwenyewe anazoea. Ukiwa unasikiliza nyimbo nyingi tu wala hupotezi kitu kikubwa, maana mwimbaji huwa anawekwa katikati, anasikika pande zote mbili. Lakini huu wimbo sio hivyo. Pale kwenye opera sauti zinarushiana, moja kushoto inaita, moja kulia inajibu, juu chini, kushoto kulia. Waliimba watatu, mwimbaji wao mkuu Freddie Mercury, mpiga gitaa Brian May na Roger Taylor, wakarekodi sauti zao juu ya sauti zao mara nyingi mno, siku nzima nzima studio, mpaka utepe wa studio wenyewe ukasuguliwa na hedi, Brian May amesimulia kwamba ukiuinua kwenye mwanga ulikuwa unaona upande wa pili. Mimi nikilisikia hilo naelewa moja kwa moja kwa sababu kanda za hivyo naletewa hapa, ile rangi ya kahawia inahamia kwenye hedi na utepe unabaki kama karatasi ya pipi.

Kwa hiyo mzee wangu kwa miaka yote ile alikuwa anasikia wanaoita na hasikii wanaojibu, au kinyume chake. Alikuwa anajua kabisa pale kuna kimya kidogo, halafu kuna sauti, halafu kimya, na alikuwa ananionesha kwa kidole hewani, hapa wananyamaza, hapa wanarudi. Alidhani wametunga hivyo.

Nikafungua, nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka nyeusi, nikaukuta waya mwekundu umeachia kabisa umelala pembeni, nikauchomelea. Nikamrudishia kanda yake. Mwanzo hakusema kitu. Ilipofika kwenye opera akageuza kichwa kuangalia spika ya kushoto, kama mtu aliyeitwa na mtu nyuma yake. Nikamwona machozi yanamlenga. Akasema, fundi, kumbe walikuwa wanajibiwa.

Siku hiyohiyo ndo nilimwambia kwamba yule mwimbaji mkuu, Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar, 5 Septemba 1946, jina lake la kwao Farrokh Bulsara, familia ya Waparsi, na walihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Mzee alikuwa na hakika miaka yote ni Mwislamu kwa sababu ya lile neno. Nikamweleza hapana, Waparsi dini yao ni ya Zoroasta, akafikiri kidogo akasema lakini utotoni Unguja atakuwa amelisikia Bismillah kila siku mtaani. Sikuwa na la kumbishia.

Mtu anaweza kuuliza roki ilifikaje huku. Enzi hizo redio ya taifa ilikuwa moja, RTD, na ilijaa dansi letu, na Kigoma tulikuwa na la kwetu pia, Lake Tanganyika Jazz, huko ndiko alikoanzia Shem Karenga kabla hajaenda Tabora Jazz. Televisheni bara tumeanza kuiona 1994. Kwa hiyo roki haikuja kwa mlango wa mbele, ilikuja kwa treni ndani ya mabegi ya wanafunzi, ilikuja kwa boti na meli za ziwani, na ilikuja usiku kwa masafa mafupi.

Hiyo ya usiku nina mtu wake. Kuna mvuvi wa Katonga, kaka mmoja mtaratibu sana, alikuja kwangu akasema natafuta wimbo wa redio gaga. Basi. Anachojua ni hayo maneno mawili na kupiga makofi. Aliusikia ziwani miaka ya 80, wanavua dagaa, karabai zimewashwa, wanasubiri samaki wakusanyike kwenye mwanga, na ana kiredio kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, kapata BBC ya Kiingereza. Wimbo unakuja unajaa, unapungua, unazama kabisa, unarudi. Mtangazaji alipokuja kutaja jina mawimbi yakazama, hakusikia. Akakaa nalo miaka mingi, redio gaga, redio gaga, kila anayemuuliza anacheka.

Kwa nini yanazama? Masafa mafupi hayaji kwa kutambaa ardhini, yanarushwa juu, yanagonga tabaka la anga lililochajiwa na jua, yanarudi chini, yanaruka tena, ndo maana London inafika Katonga bila waya. Shida ni kwamba hayaji kwa njia moja. Kuna wimbi limeruka mara mbili na kuna lingine limeruka mara tatu, yanafika kwenye eriali yako kwa pamoja lakini hayajaenda hatua sawa, yakikubaliana sauti inajaa, yakipingana yanauana, na lile tabaka halitulii, linapanda na kushuka, basi wimbo nao unapumua. Halafu ziwani hakuna jenereta, hakuna bodaboda, hakuna waya za umeme za kuleta mikwaruzo, kwa hiyo kiredio kidogo tu kule kinapata stesheni ambazo huku mjini redio kubwa haipati. Nimewahi kwenda nao usiku mmoja nikahakikisha mwenyewe.

Wimbo wake ni Radio Ga Ga, wa mwaka 1984, aliutunga mpiga dramu Roger Taylor, na unaihusu redio yenyewe, mtu anaishukuru redio kwa kumlea huku picha za televisheni zinaichukulia nafasi yake. Yale maneno ya redio gaga yalitokana na mtoto wake mdogo aliyekuwa anaiponda redio kwa lugha ya kitoto. Nilipomweleza kaka yule maana yake alikaa kimya, akaniomba nirudie ile ya kushukuru. Mimi huu wimbo naupenda kuliko nyimbo zao zote na sifichi, mimi maisha yangu ni redio. Nikamwekea kwenye flashi, safi kabisa, hauzami popote. Akausikiliza mpaka mwisho akasema ni mzuri ila mbona umesimama tu, hauendi na kurudi.

Kuna mwalimu wa hesabu, dada mmoja wa sekondari, yeye aliwajua miguuni. Michezo ya shule, Uwanja wa Lake Tanganyika, wanafunzi jukwaani wanapiga mguu mara mbili na kofi moja, dum dum pa, hajui hata kama ni wimbo, kwake ni mshangilio kama mishangilio mingine. Miaka imepita, yuko kwenye daladala, anausikia kwenye spika una maneno juu yake, akamwambia konda aongeze sauti. We Will Rock You, 1977. Huo nilimweleza kwa raha sana kwa sababu ya kazi yake. Kwenye ule wimbo hakuna ngoma kabisa, ni miguu na viganja, na gitaa linaingia mwishoni tu. Walirekodi Wessex, studio ya London iliyokuwa jengo la kanisa, wachache tu wanapiga mbao kwa miguu, lakini ukisikiliza unaona uwanja mzima. Brian May alikuwa msomi wa fizikia (udaktari wake aliumalizia 2007), alichofanya ni kurudia zile sauti kwa kuzichelewesha kidogokidogo, kama watu waliosimama mbali kwa umbali tofauti, na ule ucheleweshaji akaupanga kwa kufuata namba tasa.

Dada akaniuliza kwa nini tasa. Nikachukua risiti nikamchorea upande wa nyuma. Ukichelewesha kwa 2, 4, 8, zinagawanyika, zinaangukia mahali pamoja, sikio linasikia mwangwi, kama mtu mmoja kapiga kelele kwenye pango. Ukichukua 3, 5, 7, 11, 13, haziingiliani, sikio haliwezi kuzifunga kwenye mpangilio mmoja, linaamua kwamba hao ni watu wengi. Namba hizo nilimtolea kama mfano tu. Ile risiti aliondoka nayo, wiki iliyofuata akaniambia kidato cha kwanza wamepiga madawati dum dum pa kwa zamu, safu kwa safu, mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Mimi mwenyewe niliwapata kwa sababu ya takataka. Nilikuwa bado nafundishwa kazi, bosi wangu alikuwa na kanda ina wimbo Good Company, na mle ndani kuna bendi ya matarumbeta na klarineti ya mtindo wa jazi ya zamani, nikasema hawa wamewaita wapulizaji. Bosi akasema hamna mpulizaji humo, hilo ni gitaa. Nilibisha siku nzima. Baadaye sana ndo nikajua habari kamili: mpiga besi wao John Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota bodi ya amplifaya kwenye pipa la taka barabarani, transista zake za jemaniamu, akaifunga kwenye kasha la spika ndogo, betri ya volti 9, haina hata kitufe cha sauti. Brian May akachomeka gitaa lake, na lenyewe alilitengeneza nyumbani na baba yake kwa mbao za meko ya zamani ya kuotea moto na springi za pikipiki. Transista za jemaniamu ukizizidishia nguvu hazikati sauti kwa ukali kama za silikoni, zinaiviringisha, inakuwa kama pumzi ya mtu. Sasa mtu kama mimi ninayekaa na boksi limejaa bodi zilizokufa chini ya meza, ukinisimulia hiyo, nitaacha kuwapenda vipi? Bodi mbili za redio za zamani nimezitenga, siuzi, sichomoi kitu.

Vijana wa sasa wengi wananijibu YouTube au ile filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018, na hao wanausikia ukiwa mzima, pande zote, safi. Ni sawa, wana bahati yao.

Yule mzee wa Ujiji alirudi baada ya kama miezi miwili. Nikajua waya umeachia tena, nikashika bisibisi. Akasema hapana fundi, inapiga vizuri, pande zote mbili, wajukuu wanafurahi. Akavuta stuli akakaa. Akasema ila usiku nikiwa peke yangu nautaka ule wangu. Nikamwelewa. Redio yake ile haina kitufe cha balansi, kwa hiyo nikatoboa tundu dogo nyuma ya kasha, milimita sita, nikafunga swichi ya kuzima njia ya kushoto kabla haijafika kwenye amplifaya. Akaijaribu palepale, kushoto kukazimika, akainua kidole hewani akingoja zile sehemu zake za kimya, na kila moja ilikuja pale alipokuwa anaijua.